Chini ya Robo Kilo Hatukuhesabu

Miaka thelathini na moja nilisimama kwenye mizani
pale kinu cha pamba, Nyakato.
Magunia yalipita mbele yangu kama ng'ombe waendao josho,
nikaita uzito, karani akaandika.
Chini ya robo kilo hatukuhesabu.
Unyuzi uliobaki kwenye sahani tuliupuliza.

Kisha koo likaota kitu.
Bugando, kilimani, wakanifinyangia barakoa ya wavu mgumu,
ikashika pua, kidevu, mabega,
wakaibana mezani nami nimo ndani
kama sangara aliyekosea njia.
Siku thelathini na tatu. Mionzi haina harufu, haina sauti,
ni mlango tu unaofungwa, na kila mtu katoka isipokuwa wewe.
Siku ya mwisho muuguzi akasema, "Mzee Maduhu, umevuka."
Nikashuka ngazi kwa miguu yangu. Nilikuwa na miaka sitini na minane.

Hakuna aliyeniambia kwamba kuvuka nako kuna ushuru,
na kwamba ushuru huo hudaiwa mwaka wa tatu.

Ulianza na sweta.
Oktoba, mawe ya Mabatini yanaweza kukaanga dagaa,
nami kibarazani nimejifunga hadi kidevuni,
watoto wa jirani wakiniita Babu Barafu.
Kisha uzito: nakula nusu ya ugali, naongezeka kilo tisa.
Mimi, niliyewakamata wakulima waliolowesha pamba
ili gunia lizidi,
sasa mwilini mwangu kuna mtu analowesha usiku,
na simwoni.

Sauti ikashuka, redio ya betri zilizochoka.
Jina la mjukuu lilinichukua dakika nzima kulifikia.
Mwanangu Ng'wigulu akaniambia kwa simu kutoka Geita,
"Baba, huo ni uzee tu."
Shemeji akanong'ona habari za mganga wa Magu.
Nyamizi peke yake hakusema kitu. Alinishika uso,
akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.
"Nyusi zako zimeishia katikati.
Uzee hata mimi ninao. Haukati nyusi nusu."

Daktari alikuwa binti mdogo, vidole vina wino.
Akanigonga nyuma ya kisigino kwa nyundo ya mpira;
mguu ukaruka, kisha ukarudi polepole
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Akafunua faili la zamani, akaweka kidole kwenye neno "shingo".
"Mionzi ilipokwenda kuua saratani," akasema,
"ilipita kwenye tezi dundumio. Imekauka taratibu.
Damu yako ilipaswa kupimwa tangu mwaka ule wa kwanza."
Hakutafuta wa kumlaumu. Mimi nilitafuta, kidogo, nikachoka.

Bibi yangu alikuwa na rovu kama kibuyu, kijiji kizima kililijua.
Mimi yangu ni kinyume: tezi imesinyaa,
haionekani, hata pole hupewi.

Akaniandikia kidonge. "Tunaanza na kidogo mno,
moyo wako una umri, tusiushtue."
Kidogo kiasi gani? Mpima mizani lazima aulize.
Maikrogramu ishirini na tano.
Akaigawa gramu mara milioni mbele yangu, kwenye karatasi,
akachukua vipande ishirini na vitano.
Nikacheka, kicheko kikatoka kama bawaba yenye kutu.
Binti yangu, hicho sisi tulikuwa tunakipuliza.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya chai,
maji na kile kidonge. Kisha nusu saa na zaidi
tumbo tupu, birika likinitazama.
Wiki sita, damu. Namba bado haijakaa; ongeza kidogo.
Wiki sita tena.
Sijawa kijana. Ngazi za mawe za kwetu bado napumzika mara mbili,
na mate hayajarudi, mkate naushushia maji.
Ila juzi usiku Nyamizi alivuta shuka akitetemeka,
upepo wa ziwa umejaa chumbani.
"Nani kaacha dirisha wazi?"

Mimi.
Nilisikia joto.